Miguu ya Shangazi

Fundi umeme alipopanda stuli bafuni kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, kaya nzima ilikuwa imesimama koridoni na mataulo mabegani. Shawa ilikuwa mpya, bado ina karatasi ya kiwandani ubavuni. Ukiifungua, maji yanashika moto kwa muda wa kuhesabu hadi nane, kisha swichi kuu inajikata na nyumba yote inazimika: friji, pasi, televisheni, na heshima ya fundi.

"Koili umebadilisha?" aliuliza baba mwenye nyumba.

"Nimebadilisha, mzee. Na swichi. Hata waya nimevuta mpya, ule mnene."

"Haya. Fundi ni wewe, si mimi."

Ilikuwa siku ya tisa. Mama mwenye nyumba alikuwa akienda kazini amenuna, na watoto wanne walishakula njama ya kunawa miguu tu. Mtaani watu walikuwa wameanza kumwita fundi Bwana Giza, na jina hilo lilimnyima usingizi.

Kilichobaki kukaguliwa ni waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaochukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini usije ukamdhuru mtu. Akatoka nje kuitafuta nondo yake, chuma kinachozikwa ardhini. Hapakuwa na nondo. Akapanda darini, akaufuata waya kwa tochi. Ulipita juu ya sebule, ukapita juu ya jiko, ukashuka ukutani katika chumba cha nyuma. Humo alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba mwenye nyumba, aliyemlea ndugu yake huyo tangu akitambaa na sasa anamlelea wanawe. Ncha ya waya ilikuwa wazi, imelala sakafuni mbele ya kiti chake, pale anapoweka miguu.

Shangazi alikuwa anakunja nguo za watoto. Alikuwa amevaa ndala za mpira.

"Shikamoo, shangazi. Ndala hizi umeanza kuvaa lini?"

"Marahaba, baba. Leo siku ya tisa. Nesi kasema nisizivue wiki sita, mpaka nyayo zipone."

Akamwonyesha. Nyayo zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Fundi akaomba radhi, akamgusa kiwiko kwa testa, bisibisi yake ya kupimia umeme. Taa ya testa ikawaka.

"Huo ni umeme wa zamani," alisema shangazi. "Bado haujaisha."

Fundi akatikisa kichwa. Alishaona nyumba zilizofungwa umeme ovyo kuliko hiyo.

"Nani aliuleta waya huku?"

"Fundi wa kwanza. Alimuuliza mdogo wangu aupeleke wapi, akajibiwa, humu ndani chochote kisicho na pa kwenda mpelekee dada. Akaniambia niukanyage kidogo, anafuata nondo."

"Lini hiyo?"

"Huyu mtoto mkubwa alikuwa hajazaliwa. Sasa anaota ndevu."

"Unauma?"

Shangazi alikunja shati moja. "Asubuhi ndiyo wanaoga wengi," alisema.

Fundi alirudi kwa baba mwenye nyumba, akamweleza kwamba ndala za dada yake zimeuzibia umeme njia, na kwamba inatakiwa nondo, wachimbe pale barazani, kazi ya nusu siku. Baba mwenye nyumba akaitazama baraza. Ilikuwa imewekwa vigae mwezi uliopita, vyeupe, havijapata hata ufa.

"Uvunje vigae? Mbona miaka yote hii hakuna aliyelalamika?"

"Ni dada yako, mzee."

"Ndiyo nasema. Angeumia angesema."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi alikasirika, akataka kusema neno, akakumbuka jina la Bwana Giza, akalimeza.

Baba mwenye nyumba akaenda akasimama mlangoni kwa dada yake. "Dada, hebu vua hizo ndala."

Shangazi akazivua, akazipanga chini ya kitanda, akaiweka miguu sakafuni.

Shawa ikafunguliwa. Wakahesabu hadi nane, hadi ishirini, hadi mia. Taa haikutetereka. Watoto wakashangilia, wakaoga mmoja baada ya mwingine, na mama yao akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Alipotoka, alimpa fundi taulo safi, maana alikuwa amejaa vumbi la darini. Fundi akakataa mara ya kwanza, kwa adabu, kisha akaingia.

Maji yalikuwa matamu. Ukutani, upande wa pili, alimsikia shangazi akivuta pumzi na kuibana, kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa. Fundi aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Akanyoosha mkono afunge maji.

Mgongoni bado alikuwa na povu. Akaurudisha mkono.