Keria Iliyobaki Kampala

Ananie Vagheni alipopata kiti cha karani katika bureau, ofisi ya kahawa mjini Butembo, jambo la kwanza alilowaza halikuwa kazi yenyewe. Alichowaza ni namna ya kufika kazini. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mbelgiji aliyekikalia kiti kile alikuwa amefunga masanduku yake na kwenda zake, akaacha saa ya ukutani na mto uliokwisha kushika umbo la makalio yake. Ananie aliishi juu Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, pamoja na mkewe Florentine, mtoto wao mchanga, na mama yake mzazi, Kanyere. Kutoka pale hadi bureau ni mteremko na mlima, kiangazi vumbi, na mvua zikianza ni utelezi wa kumwangusha hata mbuzi. Karani hawezi kuketi mbele ya wakulima na viatu vilivyojaa matope huku jasho likimtiririka. Alihitaji baiskeli.

Lakini baiskeli gani? Hapo ndipo mtu anapoweza kuteleza kabla hata hajapanda.

Alidandia lori mpaka Beni, kwenye duka la Idi, mfanyabiashara Mwislamu ambaye baiskeli zake zilivuka mpaka kutoka Uganda. Idi akamtolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, yenye vyuma vinene na matairi mapana, na nyuma ilikuwa na keria, kile chuma cha kubebea watu na mizigo ambacho kwao waliita porte-bagage. Ya pili ilikuwa ya kijani, nyepesi, matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Nyuma ilikuwa tupu, safi, kama baiskeli aliyokuwa akipanda yule Mbelgiji.

Idi akamuuliza anaishi wapi, anafanya kazi wapi, barabara ikoje, na nyumbani yuko na nani. Ananie akayajibu yote ila la mwisho, na Idi hakuhitaji kujibiwa.

"Kamata ii nyeusi," akamwambia. "Ile ya kijani ni baiskeli ya mutu anaishi peke yake. We uko na batu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Ananie, maana kuwa na watu ndiko alikokuwa akikukimbia. Alimkumbuka mwenzake Malachie, karani kama yeye, ambaye asubuhi moja, Ananie akiwa bado anaenda kazini kwa miguu, alifika bureau na mbuzi wa mahari nyuma ya baiskeli, kwa sababu shangazi yake alimkuta njiani akamtwika. Mbuzi akamkojolea suruali. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Malachie. Aliitwa Bwana Mbuzi, hata na mfagizi.

Na kwetu mambo yako hivi. Mwenye keria hana neno la kukataa. Shangazi ana gunia la mihogo, jirani ana mgonjwa, mjomba anataka kasikisi yake, pombe ya ndizi, ifike kwenye matanga kabla waliaji hawajakauka koo. Kumpita mzee barabarani na keria tupu ni tusi, na litahesabiwa tusi mpaka kwa wajukuu. Lakini asiye na keria halaumiwi na mtu. Anapiga kengele, anasalimia, anapita. Ananie alikuwa amelipima jambo hilo kwa makini kuliko alivyopima matairi.

Akachukua ya kijani. Idi akatikisa kichwa, akaingia nyuma ya duka, akarudi na keria mpya iliyofungwa kwenye kipande cha gunia pamoja na skrubu zake. Akamwambia hiyo ni nyongeza, zawadi ya duka, siku moja ataitafuta. Ananie akashukuru kwa mikono miwili, maana adabu hakukosa. Lakini alipofika nyumbani akangoja wanawake waende shambani, akaipandisha darini juu ya jiko, kule yanakokaushwa mahindi, akaisukuma mpaka pembeni kabisa. Akashuka akijipangusa masizi, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Mama yake aliizunguka baiskeli mpya, akaigusa kengele, akasifu rangi. Kisha akauliza ile sehemu ya kukalia mtu iko wapi. Uongo ulimtoka Ananie bila kumkwaruza koo: imebaki Kampala, wataituma. Florentine alimtazama mumewe, akarudi kwenye sufuria yake.

Basi karani wetu akaanza kwenda kazini kama alivyotamani. Suruali yake ilibaki na pasi, na wale wa bureau walitoka nje kuutazama ule usukani. Mvua iliponyesha matairi yale membamba yalizama kwenye matope, akalazimika kuibeba baiskeli begani, lakini hilo alilifanya mahali ambapo hapana watu.

Shida ilikuwa moja tu, na ilikuwa na goti. Goti la kulia la Kanyere lilikuwa limevimba, na masista wa dispensaire, yaani zahanati, walimtaka ateremke mjini kila mara kuchomwa sindano. Alitoka alfajiri na fimbo yake ili awahi foleni. Ananie alitoka baadaye, amekwisha kunywa chai, na kila mara alimkuta katikati ya mteremko. Kengele ikilia, mama alijisogeza kwenye majani, akaegemea fimbo, akangoja apite. Ananie alipunguza mwendo kwa heshima. Mama akamtikisia mkono aende.

"We pita, mwana wangu. Usichelewe ku bureau."

Akiwa na wanawake wengine aliwaambia kwa sauti ya kusikika kwamba huyo ni mwanawe, na kwamba porte-bagage yake iko njiani kutoka Kampala, ikifika atakuwa anakaa juu kama mke wa chifu. Ananie aliyasikia hayo mgongoni. Mara ya kwanza masikio yalimwaka moto. Akajiahidi kuishusha keria Jumamosi. Jumamosi ikafika, akawaza: nitasema imetoka wapi, na masizi yale? Na wakishamwona mama juu yake, kesho atakuja nani? Akaahirisha. Uongo ukikaa darini muda mrefu unazidi kuwa mzito kuushusha, na aibu yake kila alipoiahirisha alizidi kuizoea.

Mwaka wa nne wa uhuru, malori yalianza kurudi kutoka Beni bila mizigo, yamejaa watu. Ilisemekana waasi walioitwa Simba wamefika, na wanawatafuta makarani. Wanatazama vidole vyenye wino, wanatazama kola. Malachie alikuja bureau asubuhi ile kufunga droo yake tu. Alimwambia Ananie asirudi kitini, aende awachukue watu wake, maana mwenye tai hatapewa nafasi ya kujieleza.

Ananie alipanda Rughenda mbio, baiskeli ikimlemea kuliko siku zote. Wakakubaliana kwenda kwa wajomba, njia ya Kasugho. Florentine akamfunga mtoto mgongoni, ingawa sasa alikuwa mkubwa wa kutembea. Ananie akatundika sufuria na blanketi kwenye zile pembe za kondoo, upande huu na upande huu, mpaka usukani ukakataa kugeuka. Mama yake alipanda darini mwenyewe, goti lile lile, kutoa mahindi ya njiani. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka alikuwa na furushi la kitenge, akalitupa mgongoni, ukanda wake akaupitisha kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba. Lilionekana kumlemea. Ananie alitaka kumpokea, akasema hapana, ni vitu vya bamama. Mtoto wa kiume haulizi mara mbili furushi la mama yake lina nini. Wakatoka.

Njia ilikuwa imejaa watu, kuku, magodoro. Ananie aliikokota baiskeli yake ya kijani, na hakuna aliyetazama rangi. Nyuma yake alisikia fimbo ya mama ikigonga mawe, kisha mguu mmoja, kisha ule mwingine ukiburutwa. Kila alipogeuka, mama alikuwa nyuma zaidi. Florentine alimshika mkono kwenye milima. Ananie alikuwa mwenye baiskeli, na hakuwa na la kufanya.

Kisha Malachie akawapita kwenye baiskeli yake yenye keria, ile iliyombeba mbuzi, baba yake mzee amekaa nyuma juu ya mto, amemkumbatia kiunoni. Malachie akasimama, akamtazama Kanyere, akatazama nyuma ya baiskeli ya Ananie pale palipokuwa tupu.

"Mama, unisamehe," akasema. "Nafasi iko moja tu."

Kanyere akamwambia aende salama, porte-bagage yake yeye bado haijafika. Bwana Mbuzi akakanyaga pedali, akaenda. Ananie alitamani ardhi ipasuke, na siyo kwa kuwaogopa Simba. Ile siku ya mbuzi yeye ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Mvua ikawakuta mchana kwenye kikanisa cha kijiji, paa la nyasi, benchi za udongo. Kanyere akaketi akanyoosha mguu. Goti lilikuwa limejaa mpaka ngozi inang'aa, na kwenye paji la uso ukanda ulikuwa umechimba mstari mwekundu. Florentine akamwomba mahindi, wachome mawili matatu. Mama akafungua furushi.

Mahindi yalikuwa machache, juu juu tu. Chini yake kulikuwa na kipande cha gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na keria, nyeusi kwa masizi, skrubu zake zimefungwa kwa uzi kama Idi alivyozifunga. Ili kukibeba kile chuma, mama alikuwa ameyaacha mahindi mengine.

"Ilikuwa kule juu ya jiko," akasema taratibu. "Nikasema, tukiiacha, Basimba bataikamata. Halafu mwana wangu atafanya nini?"

Florentine aligeuza uso ukutani. Ananie alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alitazama mstari ule mwekundu kwenye paji la uso la mama yake. Ilimjia nafasi ya kusema kwamba labda watu wa Kampala waliituma naye akasahau. Mama alikuwa kama amemfungulia mlango huo makusudi. Kwa mara ya kwanza uongo ulimkwama kooni.

"Mama," akasema, "ii hapana kutoka Kampala. Idi alinipatia siku ile ile. Ni mimi niliificha."

Mvua ilipiga nyasi. Mtoto alikohoa. Kanyere alipukuchua punje za hindi kavu kwa kidole gumba, moja moja, akaziweka kiganjani mwa Florentine. Hakuuliza kwa nini. Laiti angeuliza, Ananie angekuwa na la kujibu, hata kama ni la kipumbavu. Laiti angemtukana, lingekuwa limekwisha.

"Funga muzuri," akasema mwishowe. "Nisianguke."

Chini ya tandiko la baiskeli kulikuwa na kifuko cha ngozi chenye spana ndogo ambayo Ananie hakuwahi kuitumia. Akapiga magoti kwenye udongo, akafunga skrubu moja moja, wino wa vidole ukichanganyika na masizi. Keria ilikaa mahali pake bila kubishana. Kazi yote haikuchukua muda hata wa kuchoma hindi. Hilo nalo lilimwaibisha: kwamba ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Mvua ilipokatika akakunja blanketi akaliweka juu, akamnyanyua mama yake. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Akaketi upande, fimbo mapajani, mkono mmoja ameshika shati la mwanawe, na Ananie akaanza kuisukuma baiskeli akitembea kwa miguu, matairi yale membamba yakizama kwa uzito wa watu wake.

Kwenye njia panda wakakutana na majirani kutoka Rughenda, wale wanawake ambao Kanyere alikuwa akienda nao dispensaire. Wakaitazama keria, wakamtazama Ananie. Yeye akafumbua kinywa aseme yote, lakini mama yake akamvuta shati kidogo, akawahi.

"Si munaona?" akawaambia. "Mwishowe porte-bagage yetu imefika. Ilikuwa imebaki Kampala."

Wanawake wakampongeza. Wakampongeza na Ananie pia, kwa kumtunza mama. Hakuinua uso. Aliendelea kusukuma, macho kwenye matope, na mkono wa mama ukabaki umeshika shati lake mpaka wakafika.