Kabla Wenyewe Hawajaambiwa

Kwanza alimkata Beno. Picha ilipigwa Mnazi Mmoja siku ya Pasaka, mama na mwanawe wamesimama bega kwa bega. Zamzam alivuta mstari wa kukatia picha kwenye kioo cha kompyuta mpaka kijana akabaki nje na uso wa Mama Severa ukajaa peke yake, kitambaa kichwani, kicheko kimeanza lakini hakijafika. Chini yake akaandika TANZIA kwa herufi kubwa. Kisha akasita.

Severa, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa amempigia simu kutoka hospitalini. Alisema tu, "Zamzam, mama ametutoka," akaanza kulia, simu ikakatika. Zamzam naye alilia, tena sana. Alipotoka Lindi akaja kupanga chumba kwenye nyumba ile ya nyuma ya Msimbazi, mama huyu, mpangaji wa humo humo, ndiye aliyemwonyesha wapi pa kuanika nguo zisiibiwe na nani anauza dagaa wasio na mchanga. Mmoja Mkatoliki wa Masasi, mwingine Mwislamu wa Lindi, lakini Idi na Krismasi sinia lilikuwa moja.

Sasa alikuwa amekaa kwenye meza yake, katikati ya majora ya vitambaa, ndani ya duka la Girish. Mzee huyo alimpa kona na umeme, naye akaliweka tangazo la duka juu kabisa ya blogu. Blogu yenyewe iliitwa Jirani. Ilianza kama mchezo, picha za harusi na ubarikio za watu wa kusini waliojaa Kariakoo. Lakini soko huria lilikuwa limewatawanya watu. Kila mwenye miguu alikuwa anauza au amesafiri kununua, na walio mbali walitaka kujua nani kaoa, nani kajifungua, nani kafa. Misiba ndiyo iliyompa jina. Zamzam alikuwa na sharti moja: haweki tanzia mpaka wenye msiba wampigie na kumwambia, "Weka sasa, wote wameambiwa." Mtu aliyeko Muscat akiona jina kwenye Jirani alijua si uvumi. Na alijua pia kwamba hawezi kumkuta mtu wake humo kabla hajapigiwa simu. Ndiyo maana waliifungua bila woga.

Siku hiyo sharti lilimwelemea. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kampuni ya simu, shati limenyooka, alikuja hapo dukani kuzungumzia tangazo la mwaka mzima. "Dada, blogu yako nzuri, ila inachelewa," alimwambia. "Wenzako wanawahi. Ngoja tuwaangalie wiki hii." Na sasa wadau walikuwa wameshaanza kuuliza kwenye maoni: jamani, ni kweli Mama Severa? Zamzam alimpigia Severa. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Umewauliza wenyewe?" Girish alimwuliza huku akipima kitambaa, bila kuinua macho.

"Simu inatumika tu, Girishbhai."

"Basi ngoja. Maiti hakimbii."

"Mimi nangoja, wenzangu hawangoji. Kazi hii ni kuwahi."

"Na yule kijana wake, Beno?"

"Beno ndiye mtoto wa kiume. Watakuwa wameanza na yeye."

Alilisema kwa nguvu hata mwenyewe akaliamini. Akabofya.

Beno alikuwa Guangzhou, amefuata viatu vya watoto, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Severa alikuwa kwenye simu na Pius, mfanyabiashara mwenzake Beno aliyefikia hoteli ya jirani huko huko, akimwomba amfuate Beno, amkalishe, amwambie mama hali yake si nzuri, washughulikie tiketi, na hayo mengine yafuate taratibu. Ndivyo habari ya kifo inavyopelekwa kwetu. Inapelekwa na mtu, kwa miguu, awepo wa kukushika. Pius alivaa viatu akaenda. Alimkuta Beno chini mapokezini, kwenye kompyuta ya wageni, katikati ya watu wasiomjua, akisoma jina la mama yake kwa sauti kama mtoto anayejifunza kusoma. Kila aliporudi kutoka sokoni alikuwa akifungua Jirani kabla ya kula, apate kuisikia Kariakoo.

Zamzam aliiondoa ile picha mara tu alipoambiwa, lakini wengine walikuwa wameshaichukua na kuiweka kwao. Maji yakimwagika hayazoleki. Msibani hakuna aliyemfokea, na hilo ndilo lililomuumiza. Alisogezewa mkeka, akapewa kitunguu amenye pamoja na wenzake. Severa alimwambia, "Tumeshasamehe, Zamzam," huku anaangalia sufuria.

Beno alipofika kutoka uwanja wa ndege, Zamzam alimfuata uani.

"Beno, nisamehe. Nilidhani umeshaambiwa."

Beno alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na begi bado liko begani.

"Ile picha na mimi nilikuwemo," alisema. "Ulinitoa."

Akaingia ndani. Tangu hapo akawa hamsemeshi.

Kampuni ya simu ilimpa tangazo. Siku ya tanzia ile Jirani ilitembelewa na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote, na kijana wa shati lililonyooka alimpongeza kwa kuwahi. Zamzam alisaini, maana kodi ya chumba haisubiri toba. Baadaye aliandika kuomba radhi, akarudisha sharti lake, akalishika kuliko zamani. Wadau wa mbali walimjibu, pole dada, binadamu hukosea. Lakini wapangaji wenzake waliacha kumpigia. Misiba ya mtaani alianza kuijua kwa kuona turubai limefungwa barabarani. Akitokea uani, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mchele. Alikuwa amejenga kitu cha kuaminiwa na watu asiowajua, na wale aliowajengea walikuwa wanamficha. Alijuta akifua, alijuta akipanga matangazo. Beno akipita koridoni na mzigo wa viatu, Zamzam alijibana ukutani ampishe, na Beno alipita.

Asubuhi moja ya masika alikuwa dukani anapunguza ukubwa wa picha za harusi. Simu ya Girish iliita. Mzee alisikiliza, akasema, "Ndiyo, yuko hapa," kisha akaenda akateremsha mlango wa duka nusu, yeye asiyefunga hata barabara ikijaa maji. Zamzam alimwangalia, lakini Girish alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Waliingia wameinama chini ya mlango, Severa mbele, Beno nyuma na chupa ya chai. Severa alisogea mezani akazima kioo cha kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Mdogo wangu, acha kazi kidogo," alisema, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana.

Beno alivuta kiti, akakaa mbele yake. Aliona haya kidogo, kama mgeni.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Akamimina chai, akampa kikombe. Zamzam alikipokea. Huko Lindi alikuwa na mama, na kaka, na shangazi aliyemlea, na watoto wa kaka, na kila mmoja alimwona mlangoni kwake, asubuhi hii hii, akifagia.

"Nani, Beno?"

"Kunywa kwanza."

Hakuuliza tena. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa polepole, funda dogo dogo, maana chai ikiwa bado imo kikombeni wote walikuwa hai. Hakuna aliyemharakisha. Ilipokaribia kwisha, Beno akamwongezea.