Pua ya Kaluki

Mafundi wa mtaa wa Lucky Summer walikuwa na sheria moja: kabla hujayeyusha, mpelekee Kaluki. Kwa asiyejua, plastiki ni plastiki tu, wala simlaumu. Lakini ulipomletea Kaluki vipande viwili vyeupe vinavyofanana kama mapacha, alivichoma ncha kwa kiberiti, akavipuliza, akanusa moshi. Kikinukia mshumaa uliozimwa, hicho ni cha mitungi na mabeseni, moto kidogo tu kinalegea. Kikinuka nywele zilizoungua, hicho ni nailoni, na nailoni hukaa ubavuni mwa injini isijali joto. Pua hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye jaa la Dandora, alikookota taka miaka tisa kwa mikono mitupu, ikamkalisha kwenye stuli ndani ya karakana ya mumewe kama mtu na heshima zake.

Mumewe, Musyoka, alikuwa mchongaji. Alichonga twiga na vifaru mpaka watalii wakachoshwa na twiga, ndipo rafiki yake Obura, makanika wa mtaa wa Umoja, alipomletea kazi ya ajabu. Kuna watu mjini hapa wanaopenda magari ya zamani ya mbio kuliko wanavyowapenda wakwe zao. Viwanda viliacha kutengeneza vipuri vya plastiki vya magari hayo kabla Obura hajaota meno. Kishikio kimoja kikivunjika, gari la fahari linalala chini ya turubai mwaka mzima. Musyoka alikichonga kipuri hicho kwa mti, akaongeza unene wa ukucha kwa sababu plastiki hunywea ikipoa, kisha kikapigiwa kalibu na plastiki ikamiminwa. Ukucha ule hakuna aliyeweza kuukadiria kama yeye. Wawili hawa, mikono ya mume na pua ya mke, walisomesha watoto.

Mwezi wa sita Kaluki alishikwa na mafua mabaya. Alipopona, chai ilikuwa maji ya moto tu. Akachoma kipande cha nailoni, akanusa, akanusa tena, asipate kitu. Hakumwambia mtu. Pua ya Musyoka ilikwishauawa na vanishi zamani, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na pua moja, na hiyo moja imezima. Angesema nini? Bila pua angerudi jaani, na alilijua jaa.

Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Kaluki alijiona amezaa. Aligundua kwamba kwenye beseni la maji plastiki ya mitungi huelea na nailoni huzama. Basi kila asubuhi, kabla mumewe hajafika, alitumbukiza vipande vyake majini, akavipangusa, kisha mbele ya watu akachoma na kunusa kwa madaha. Miezi minne hila hiyo haikumwangusha. Akaanza hata kujisifu moyoni.

Kisha likaja gari la Mzee Njogu, jekundu, la milango miwili, lililowahi kushindana enzi za ujana wake. Lilikosa bushi, kidude kisichozidi kizibo cha chupa, kinachopitisha waya wa kanyagio la mafuta kando ya injini ili dereva akiinua mguu waya urudi. Kaluki alitoa pande jeupe lililozama kama jiwe. Hakujua kuwa viwanda vingine huchanganya plastiki laini na chokaa, ikawa nzito.

Alijua kosa lake pande lilipotiwa kwenye jiko. Nailoni ni kaidi, hukutoa jasho kabla ya kukubali. Pande lile liliyeyuka upesi kama mafuta ya mgando. Musyoka akashangaa, akasema labda makaa ya leo ni mazuri, kisha akamgeukia Kaluki.

“Ulinusa, Mama Mueni?”

Obura alikuwa amesimama pale pale, na mafundi wengine wawili. Kaluki aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

“Nilinusa,” akasema. “Ni nywele.”

Ndivyo ilivyokuwa, wala hakulazimishwa na mtu. Bushi ikatoka safi, Obura akaigeuzageuza kiganjani akitabasamu. “Mzae,” akamwambia Musyoka, “hii imekubali. Kesho naitesti na hiyo gari, barabarani Kangundo Road.”

Kesho yake, saa nne asubuhi, Obura akiwa kwenye usukani, injini ilipopata moto sawasawa, bushi ikalegea na kuushika waya. Obura aliinua mguu, gari halikupunguza. Waliomwona walisema alipigana na usukani mpaka mwisho. Aliingia chini ya lori la mawe.

Siku ya tatu Mzee Njogu alikuja karakanani na bushi ndani ya leso. Ilikuwa imefinyangika kama chingamu iliyotafunwa. Alilia, sitaki kumsingizia, lakini alipomaliza kulia aliuliza kama nyingine inaweza kutengenezwa, maana gari bado linafufulika. Musyoka alikuwa akiitazama ile bushi.

“Nilikosea ukucha,” akasema. “Ilibana, ikajisugua mpaka ikaungua.”

Jioni hiyo alizifunga patasi zake ndani ya gunia akampa jirani, na kusema kwamba Jumapili baada ya ibada atakwenda kwa Kate, mjane wa Obura, amwambie kwa kinywa chake. Hapo Kaluki akapiga moyo konde, akamwambia yote: mafua, beseni, ule uongo mbele ya watu. Musyoka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika bega.

“Usinibebee mzigo wangu.”

Kaluki akamwambia amjaribu. Musyoka akachoma kipande cha nailoni, akakiweka chini ya pua ya mkewe. Kaluki akasema hasikii harufu yoyote. Musyoka akatikisa kichwa kwa huzuni, kwani nani asiyeweza kusema hasikii? Kaluki alitaka kupiga mayowe. Miezi minne kila mtu aliuamini uongo wake bila kuuliza, na sasa ukweli hauna hata shahidi mmoja.

Jumapili walikwenda Umoja. Jeneza lilikuwa bado halijasafirishwa kwao kwa mazishi, na Kate alikuwa ameketi kwenye godoro sebuleni, miguu ameinyoosha, wanawake wa kanisa wamemzunguka. Musyoka akapiga magoti, akasema mikono yake ndiyo iliyomuua Obura. Kaluki naye akapiga magoti, akasema mumewe hana kosa, kosa ni lake, na akaeleza habari ya pua yake. Musyoka akamkatiza kwa upole, akaomba asamehewe mkewe, uchungu umemzidi.

Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema mke wa namna hiyo haonekani siku hizi.

Kate aliwatazama kwa zamu, huyu, kisha huyu. Macho yake yalikuwa makavu. Mwishowe yakamtulia Kaluki.

“Una bahati, Mama Mueni,” akasema. “Wewe bado unaye mume wa kumtetea kwa uongo.”

Musyoka akamwinua mkewe kwa mkono, wakaaga.