Mtu wa Kitanda cha Pili

Thuwaiba alikuwa akipima kitambaa dukani kwake, mtaa wa Rohero, mkasi ulipomponyoka. Alihisi kama mtu amemkalia kifuani, kisha mkono wa kushoto ukafa ganzi mpaka kidole cha mwisho, na jasho la baridi likamtoka katika joto lile la adhuhuri. Amjad, mtoto wa kaka yake, hakungoja maelezo, akamwingiza garini. Siku hizo mafuta yalitafutwa kwa tochi. Gari lake lilikuwa na ya kumfikisha hospitali tu, si ya kurudi.

Kwenye chumba cha dharura walimlaza karibu na dirisha, wakambandika nyaya kifuani, wakampa vidonge atafune. Hatua moja kutoka kwake, kitanda cha pili, alilala mwanamume wa makamo ambaye shati lake la kazi lilikuwa limepasuliwa kwa haraka. Kati yao ilisimama mashine ya kushtua moyo. Moja tu.

"Mama, we usilale," alisema muuguzi, Raïssa. "Unitazame mi."

Thuwaiba akamtazama. Mara kengele ya kitanda cha pili ikalia; daktari akaivuta mashine, akamshtua yule mtu mara moja, mara mbili, mara tatu. Katikati ya hayo Thuwaiba akahisi moyo wake mwenyewe ukipapatika kama kuku aliyechinjwa, na dari ikaanza kwenda mbali. Hapo akasikia sauti ya mwanamume, karibu kabisa na sikio lake:

"Muniache mi. Mupeleke mashine kwa huyu mama."

Magurudumu yakalia sakafuni. Halafu giza.

Alipofumbua macho, mbavu zilimuuma kama aliyetwangwa kinuni. Kwenye kitanda cha pili, yule mtu alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

Siku ya nne alimuuliza Raïssa. "Yule bwana alinipa nafasi yake. Mi nilimusikia."

Raïssa aliacha kufunga bendeji. "Apana, mama. Mutu yule alifika hapa hasemi, hajui yuko wapi. Dokteri alimuacha sababu moyo wake ulikataa kabisa. Wako ulikuwa ungali unaitika."

Maneno hayo yalipaswa kumtuliza. Lakini nyumbani, kila alasiri alipojinyoosha kupumzika, sauti ilikuja. Haikutisha, haikulaumu, ilirudia yale yale. Alisoma Ayatul Kursiyu, na sauti ikangoja kwa adabu mpaka amalize, kisha ikasema. Marwa, binti yake, alisema ni dawa za moyo. Thuwaiba akaacha kula, akakonda.

Mwishowe alimsihi Raïssa mpaka akaambiwa marehemu alikuwa nani: Herménégilde, fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa Cibitoke. Ameacha mke, Dévote.

Amjad akampeleka. Walimkuta Dévote kwenye karakana ya mumewe, amekaa juu ya benchi, mageti yaliyopakwa rangi nusu yameegemea ukuta. Thuwaiba alimpa pole, akajieleza yeye ni nani, akasimulia yote bila kupunguza.

Dévote alisikiliza mpaka mwisho. "Mi nilimushika mukono ndani ya taxi," alisema. "Nikamuita jina njia yote. Hakuniitika. We, mutu asiyemujua, ndiyo akakusemesha?"

"Nilifikiri utafurahi kujua moyo wake ulivyokuwa mwema."

"Mama, kama Mungu alimuchukua, nitalia, nitanyamaza. Lakini kama alijitoa mwenyewe, basi alituacha kwa kupenda, mi na watoto wanne. Usiniletee neno hilo hapa."

Thuwaiba alikosa pa kuweka macho. "Labda nilikuwa naota," alisema. "Dawa zile zinaleta ndoto nyingi." Akainuka, akamshika Amjad mkono.

Alikuwa amefika barabarani Dévote alipomwita kutoka mlango wa karakana.

"Mama. Sauti yenyewe ilikuwa namna gani?"

Thuwaiba akamrudia; alifikiri kuongopa, akashindwa. "Ya chini. Na ilikwama. Kila neno lenye 'm' mbele, alilisukuma kama mulango mugumu."

Dévote alijishika mdomo. Alirudi akakaa palepale kwenye benchi. "Tangu utoto," alisema. "Walimucheka shuleni. Hata siku ya ndoa alikwama kwenye jina la mama yangu." Kisha akapangusa nafasi kando yake. "Ukae. Sema tena, vile alivyosema."

Thuwaiba akakaa, akasema vile alivyosema, na kila 'm' akaikwamisha. Dévote akafumba macho.

"Tena," akasema.

Akasema tena. Akasema mpaka Amjad akaenda kusubiri garini.

Alasiri ya kesho yake Thuwaiba alijinyoosha kitandani, sauti haikuja. Haikuja keshokutwa yake wala wiki iliyofuata. Marwa alifurahi kuona mama yake anakula. Lakini Thuwaiba alijua imekwenda wapi, na alimhurumia yule mwanamke ambaye sasa analala nayo.