Kidirisha cha Mwalimu Klachi

Kama kuna mtu aliyejua kumvunja moyo msanifu wa skrini bila hata kukunja uso, basi ni baba mkwe. Unamwekea mbele ya macho kazi iliyokukosesha usingizi, unasimama nyuma ya kiti chake umebana pumzi, naye anaendelea kusoma gazeti lake kwenye kompyuta kana kwamba hakuna lililobadilika duniani.

"Umeona kitu kipya, baba?"

"Kipya kipi? Bei zimepanda tena. Hilo nalo si jipya."

"Pembeni, baba. Kando ya gazeti."

"Pembeni hakuna kitu, mama."

Mkamwana akarudi kwenye meza yake upande wa pili wa sebule, akaandika: hajaona. Jana yake alikuwa ameandika hivyo hivyo, na juzi pia.

Kazi yake ilikuwa kusanifu viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyopachikwa kwenye kivinjari ili mtu anayezurura mtandaoni apate wepesi fulani. Hiki cha safari hii kilikuwa cha wasomaji wa magazeti. Ukiipenda habari unaibofya, nayo inahifadhiwa kwenye kidirisha chembamba kinachofunguka upande wa kulia wa ukurasa, uje uisome ukipata nafasi. Kampuni ilitaka kiwafae wazee, na mzee wa kumjaribia hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa anaishi naye nyumba moja, anasoma magazeti kutwa, tena kwa miwani mipya.

Kabla ya kustaafu, mzee huyu alikuwa mwalimu wa udereva. Mji mzima ulimwita Mwalimu Klachi, kwa kuwa maneno "kanyaga klachi" hayakumbanduka mdomoni, na madereva wengi wa mji huo walipita mikononi mwake, mkamwana akiwa mmojawapo. Siku hizi alibaki na abiria mmoja tu, mjukuu wake wa darasa la kwanza, aliyepachikwa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Asubuhi anampeleka shule kwa gari, mchana anakwenda kumchukua. Safari hizo mbili ndizo zilizokuwa zikimtoa mzee kitandani tangu afiwe na mkewe, na hakuna mtu nyumbani asiyelijua hilo.

Ndiyo maana nyumba ilitikisika siku gari liliporudi na mchubuko mrefu ubavuni, upande wa kulia. Mzee alisema nguzo ya lango ilijengwa vibaya. Mwanawe, ambaye hajui kuzunguka maneno, akasema pale pale mezani kwamba wakati umefika baba aachane na usukani. Mzee akaweka kijiko chini, akaenda chumbani, na kwa siku kadhaa mwanawe hakupata kutoka kwake zaidi ya "mm".

Aliyemkingia mzee kifua ni mkamwana. "Macho ya baba ni mazima," alimwambia mumewe. "Mimi ndiye ninayeshinda naye. Wewe unamwona jioni, tena ameshachoka." Mume akanywea, ufunguo ukabaki mfukoni mwa mzee. Mkamwana akajisikia vizuri mno. Si kila mtu anapata bahati ya kumlipa fadhila mkwe aliyemfundisha kuendesha gari bila kumfokea hata siku moja.

Sasa kuhusu kidirisha, jawabu alilipata haraka, na lilikuwa jawabu la kitaalamu. Upande wa kulia wa kurasa za mtandaoni umejaa matangazo tangu zamani, kwa hiyo macho ya wasomaji yamejifunza kuupita kama mtu anavyompita mchuuzi king'ang'anizi, bila kugeuza shingo. Si kwamba mzee haoni, alijiambia, ila haangalii. Akakihamishia kidirisha upande wa kushoto, akamwita.

Mzee hata hakuwa ameketi vizuri. "Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unaniimbia? Mbona kizuri. Ungekiweka hapa tangu mwanzo tusingesumbuana."

Mkamwana nusura acheze pale sebuleni. Aliandika ripoti ndefu kuhusu wazee na matangazo, na kiongozi wa timu, mama mmoja mchoyo wa sifa kupita kiasi, akampigia simu mwenyewe. "Hapo umetumia akili," alisema. "Tunakwenda na kushoto." Siku mbili tatu zilizofuata kichwa kilimvimba, akawa anawaeleza hata wasiouliza.

Ndipo mzee akaja na lalamiko lake.

"Mama Chiriku, hawa waandishi wa siku hizi wana nini? Hawamalizi sentensi."

Mkamwana akaacha alichokuwa akikifanya. Aliujua ugonjwa huo, au alidhani anaujua. Kidirisha kinapofunguka kushoto huusukuma ukurasa kuelekea kulia, na ukurasa usipojikunja sawasawa, ncha za mistari hutumbukia nje ya skrini. Ni kosa la aibu, kosa la anayeanza kazi, na kiendelezi kilikuwa karibu kutolewa kwa watu. Akaenda mbio akainama begani kwa mzee.

Mistari ilikuwa mizima. Kila sentensi ilikuwa na mwanzo wake na nukta yake. Habari iliyokuwa wazi ilisema wakazi wa mtaa fulani wanalalamikia barabara yao, kwamba haijatengenezwa tangu mvua zilipoanza, na watoto wanavuka kwa shida.

"Hebu nisomee hapa, baba."

Mzee akakohoa kidogo, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani. "Wakazi wa mtaa huo wanalalamikia... haijatengenezwa tangu mvua... watoto wanavuka." Akaegemea kiti. "Si unaona? Haijatengenezwa nini? Habari haina kichwa wala miguu."

Mkamwana akasogea karibu na skrini. Maneno "barabara yao" yalikuwa pale pale mwisho wa mstari, makubwa na meusi. Akamtazama mzee machoni. Miwani ilikuwa safi, macho maangavu, hayana dosari ambayo mtu angeweza kuiona. Akakumbuka yale maumivu ya kichwa yaliyomlaza mzee kwa siku nzima miezi michache nyuma, mwenyewe akasema ni jua tu. Akakumbuka mchubuko wa gari, na upande ulikokuwa. Kidirisha cha kulia hakikupuuzwa. Kwa mzee huyu, hakikuwepo kabisa.

Aliona haya, tena haya ya kweli. Ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwake alikuwa ameugeuza kanuni ya kazi, akaupambia ripoti, akapokea sifa. Na mbele ya mumewe alikula kiapo kwamba macho ni mazima, si kwa kuwa aliyachunguza, bali kwa kuwa alimpenda mzee na alipenda kuonekana anampenda.

Mchana ulikuwa umeingia. Mzee alisimama, mkono mfukoni, akiuchezea ufunguo kama kawaida yake kila wakati wa kumfuata Chiriku ulipokaribia. Mkamwana angeweza kunyamaza. Angeweza kusubiri mumewe arudi, maneno hayo yatoke kwa mwanawe wa kumzaa, na si kwa mkwe anayepaswa kuinamisha macho. Lakini gari lilikuwa nje. Akapiga moyo konde.

"Baba, nina jaribio moja dogo kabla hujatoka."

"Tena?"

"Moja tu, baba. La mwisho."

Mzee akaketi kwa kumridhisha. Mkamwana akakirudisha kidirisha kulia, akafuta kila kilichokuwemo, akakipaka chote rangi nyekundu.

"Tazama katikati ya gazeti, usigeuze kichwa. Unaona nini?"

"Gazeti."

"Na kingine?"

"Mama, gazeti ni gazeti."

Akaushika ukingo wa kidirisha kwa kipanya, akaanza kuuvuta polepole kwenda kushoto. Ile nyekundu ikapanuka, habari ikabanwa, mistari ikawa mifupi.

"Gazeti linakonda," mzee alisema.

"Linasukumwa na nini, baba?"

"Litasukumwa na nini? Hakuna kitu."

Akavuta tena, na tena, mpaka ukingo ukapita katikati ya skrini. Mzee akashtuka, akarudi nyuma kidogo. "Ee. Nyekundu. Imetoka wapi?"

"Ilikuwepo tangu mwanzo. Sasa geuza kichwa, baba. Tazama kulia."

Mzee akageuza. Uso ukaelekea kwenye ule wekundu wote. Akatazama mbele, kisha akageuka tena kulia. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuwafundisha wengine kutazama pande zote kabla ya kuondoa gari hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Huku kote?" aliuliza.

"Huku kote, baba."

"Tangu lini?"

"Sijui. Daktari ndiye atakayejua. Kesho asubuhi tutakwenda, mimi na wewe."

Alitarajia hasira. Alikuwa tayari hata kwa ule mlango wa chumbani na ule ukimya. Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha.

"Nawe ndiye uliyesema macho yangu mazima."

"Nilisema, baba. Nilikosea. Naomba unisamehe."

"Hukukosea peke yako." Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza karibu na mkono wa mkamwana, wala hakumtazama. "Kamchukue Chiriku. Na mumeo usimtangulie kwa maneno. Nitamwambia mwenyewe, ni mwanangu."

Mkamwana akauchukua, akatoka akijihisi kama mwizi. Njia nzima macho yalimchoma kwa machozi, lakini alijikaza, maana barabara ilikuwa na watu. Alipoiona shule akapunguza mwendo. Lango lilikuwa upande wa kulia, na wanafunzi walikuwa wameanza kumwagika nje. Gari halijasimama, kidoti cha sare kikachomoka katikati ya wenzake, kikakimbia sambamba nalo na kuupiga mlango kwa kiganja. Akakanyaga breki kwa nguvu zote.

Chiriku akafungua mlango akihema na kucheka. "Mama! Babu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amepumzika. Kwa nini unalikimbilia gari linalotembea?"

"Ndio mchezo wetu na babu. Anajifanya hanioni. Nakimbia mpaka nigonge, ndio anasimama anasema nimemshinda."

"Na usipogonga?"

"Anapita," alisema Chiriku, akivuta mkanda. "Mama, twende."

Mama yake akazima gari. Akauchomoa ufunguo, akaubana kiganjani, na hakutaka kuugusa usukani.