Karatasi ya Haloti

Fetuli alikuwa mtu wa kupiga kwanza na kufikiri baadaye, na kwa miaka kumi na sita ya maisha yake mpango huo ulikuwa umemfaa. Jumatatu ile, saa tisa na nusu alasiri, stendi ya mabasi ya ufukweni Nukualofa, mji mkuu wa Tonga, ilijaa wanafunzi, wa shule ya Njano, shule ya Fetuli, upande mmoja, wa shule ya Zambarau upande wa pili, na jiwe la kwanza lilikwisha kurushwa. Nani alilirusha, hakuna aliyejua wala aliyejali. Baba zao walipigania rangi hizo hizo. Mpaka leo wanaume wazima, wengine wachungaji, hukaa kwenye bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, wakionyeshana makovu ya ujana kama watu waliopewa nishani, halafu Jumapili wanawahubiria watoto amani!

Katikati ya vurugu akaja kijana mmoja wa Zambarau, mwembamba, mikono mitupu, akimwelekea Fetuli moja kwa moja. Huyo alikuwa Haloti. Alimsukuma kifuani kama mtu anayeanza ugomvi, na katika kumsukuma akamshindilia kiganjani karatasi iliyokunjwa. Hakusema neno, maana wenzake walikuwa nyuma yake. Fetuli akaikunjua, akaona mistari minne ya mwandiko.

Angepewa kisu angejua la kufanya. Lakini karatasi, tena mbele ya watu! Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kwa Fetuli, kila aliyempa kitu cha kusoma hadharani alikuwa anamcheka. Akamtandika Haloti ngumi ya taya, mfupa ukalia ko, kijana akaenda chini, na Fetuli akamwongezea teke la mbavu. Karatasi akaitia mfukoni.

"Polisi hao! Tawanyikeni!" akapiga kelele Sitani, nahodha wa timu yao ya raga.

Wakakimbia kupita nyuma ya kiwanda cha barafu, njia yao ya siku zote. Huko walisubiriwa na vijana saba wa Zambarau wenye minyororo ya baiskeli na panga moja. Paea, mtoto wa baba mdogo wa Fetuli, aliyelala naye mkeka mmoja tangu utotoni, ndiye aliyekuwa mbele kwa sababu ndiye aliyekuwa na mbio. Aliinua mkono wa kulia kujikinga uso. Panga lilipita, na vidole vitatu vikabaki kwenye changarawe. Paea aliinama kuvitazama kama anayetafuta kitu alichodondosha, ndipo akaanza kupiga mayowe.

Jioni wakakaa kwenye baraza ya hospitali, damu imewakaukia nguoni.

"Yule bwege alikupa karatasi," Sitani alimwambia Fetuli. "Nilimwona kwa macho yangu. Kaandika nini?"

"Upuuzi tu."

"Soma basi, mkubwa. Au mpaka tukuombe kwa magoti?"

Macho kumi na mawili yalimwangalia. Fetuli akaitoa karatasi, akapitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama alivyoona watu wakifanya. "Anasema: mbwa wa Njano, piteni njia yenu ile ile. Leo mtaacha nyama."



"Kumbe ndiye aliyepanga," Sitani akasema. "Sasa sikilizeni. Kila Jumamosi anakwenda ukumbi wa kanisa, kwa yule bibi wa vitabu. Siku atakayorudi pale, hatoki kwa miguu yake."

Fetuli aliuona uongo wake ukisimama na kushika njia. Angeweza kuurudisha kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ilikuwa "sijui kusoma", na afadhali afe mtu.

Shule ikamsimamisha wiki tatu. Kesho yake asubuhi Shangazi Kalolaine, mwalimu mstaafu, aliingia nyumbani kwa kaka yake, akakaa mahali pa juu pa mkeka. Huko kwao dada ni mkubwa kuliko kaka hata akizaliwa mwisho, na watoto wa kaka ni wake kuamuru. Yeye ndiye yule bibi wa vitabu.

"Huyu fahali wako namchukua," alisema.

"Ndiyo, dada," akajibu baba yake Fetuli, ameinamisha kichwa. Fetuli hakuulizwa.

Ukumbini Shangazi akamfungulia Biblia. "Nisomee Zaburi yako, ile ya sikukuu ya watoto."

Fetuli akashika kitabu, akaimwaga Zaburi yote bila kukwama, kwa sauti ile iliyowaliza akina mama kila Jumapili ya sikukuu, mwezi wa tano, yeye akiwa amevaa nyeupe mbele ya kanisa zima. Alipomaliza, Shangazi aliweka kidole juu ya ukurasa.

"Umesema vizuri sana, baba," alisema. "Ila hapo nilipokufungulia ni Walawi. Panaeleza habari za ukoma."

Fetuli akaona mwisho wa dunia umefika. Alisubiri acheke. Badala yake mama yule alijifunika uso kwa pepeo lake la ukili, mabega yakamtikisika.

"Mimi ndiye niliyekukaririsha," alisema. "Miaka kumi! Nakutamkia, unanirudishia, nami najisifu mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yangu anasoma kama mchungaji. Kitabu sikukupa hata siku moja. Nimefundisha watoto wa watu wote, wa kwangu nimemwacha gizani."

"Basi Shangazi, usilie."

"Nitalia nikitaka. Kaa chini. Hii herufi gani?"

Herufi alizijua, ila zilipokaa pamoja zilimgeuka. Shangazi akaweka kando vitabu vya watoto wadogo, maana alijua vingemtia hasira, akaleta magazeti yenye habari za raga. Fetuli akahangaika na majina ya wachezaji aliowajua, jasho likimtoka kuliko uwanjani. Siku ya nne alirusha kiti ukutani. Shangazi akamwambia akiokote, wakaendelea.

"Kuna kijana angekusaidia vizuri kuliko mimi," alisema siku moja, katika wiki ya tatu. "Haloti. Ana subira, yule. Lakini amefungwa taya kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Jumamosi atakuja kusikiliza tu."

Fetuli alitoka nje, akaipapasa karatasi mfukoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Karatasi alikuwa bado nayo, imelainika kwa jasho. Ijumaa mchana alikaa nyuma ya ukumbi, akaiweka gotini, akaweka kidole. Ilimchukua muda kama wa nusu ya mechi. *Fetuli. Leo msipite kiwanda cha barafu. Wana panga. Mwambie Paea, yeye hukimbia mbele. Mimi ni mwanafunzi wa shangazi yako.*

Akarudia mara tatu, akitumaini amekosea.

Jumamosi asubuhi walifika Sitani na wenzake watano, wana nondo, na wa saba Paea, mkono umefungwa bandeji nene. Haloti alikuwa ndani na watoto wadogo. Fetuli alisimama mlangoni, akaujaza.

"Toka, Fetuli," Sitani alisema. "Au unataka wewe uanze?"

"Sikuisoma ile karatasi. Nilidanganya. Sijui kusoma."

"Anaropoka nini huyu?"

Fetuli akaikunjua karatasi. "Fe... tuli," alianza. Kidole kikasogea. "Leo. Msi... msipi... msipite." Mtu akacheka. Mwingine akasema jamani, huyu jamaa kweli hajui, hebu msikieni, kama mtoto wa chekechea. Uso ulimwaka, lakini hakuinua macho, kwa kuwa angeinua macho angepoteza mstari. Alifika kwenye barafu, akafika kwenye panga, na kicheko kikakatika. "Mwa... mwambie. Pa-e-a."

Paea alichukua nondo kwa mkono wa kushoto kutoka kwa Sitani. Hakuna aliyemzuia. Alimpiga Fetuli begani, akampiga tena, nondo ikateleza ikampasua juu ya jicho. Fetuli alipiga magoti. Mtu ambaye hajawahi kupigwa bila kurudisha aliiacha mikono yake chini. Nyuma yake Shangazi alikuwa akiita jina la Paea, na Haloti alikuwa amesimama mbele ya watoto, hawezi kufungua kinywa.

Nondo ikainuka mara ya tatu, ikakaa hewani. Machozi yalikuwa yakimtiririka Paea hadi kidevuni. Akaitupa kwenye majani.

"Soma tena," alisema. "Anzia penye jina langu."

Fetuli akaifuta karatasi damu kwa shuka aliyojifunga kiunoni, akatafuta mahali, akaweka kidole.