Mto Bila Mzee Semkiwa

1.
Mimi ndiye bingwa wa kuchora mto Pangani, kuanzia daraja la reli mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Hakuna wa kunifikia.

Hakuna mwingine anayechora.

2.
TANGAZO KWA WAZEE WA KLABU YA MAKTABA
Kila mshiriki ataazimwa kishikwambi kimoja na kalamu yake kwa siku kumi. Atachora picha kumi za mto, moja kila siku, akiwa ukingoni na si nyumbani. Picha ni za kalenda. Picha yenye binadamu ndani yake haitapokelewa. Atakayetimiza masharti atabaki na kishikwambi. Asiyetimiza atakirudisha Jumamosi, kikiwa safi.
Tumsifu, Mratibu.

Wazee waliojiandikisha: watatu.
Waliobaki baada ya kusikia habari za mamba:

mimi.

3.
Wewe unayesoma, usinicheke. Niliishia darasa la nne, mkono unatetemeka, macho yananipa mito miwili pale penye mmoja. Kwenye karatasi ningeshaaibika zamani. Kishikwambi unakigusa kwa vidole viwili, unaupanua mto, unauona mpaka povu. Ukikosea kuna alama ya mshale. Unaigusa, kosa linaondoka, wala halikusemi kwa watu. Miaka sabini na mbili naitafuta alama hiyo.

Sikirudishi. Umenisikia? Sikirudishi.

4.
(nimeifuta)

5.
Walisikika wakifua nguo:
— Yule si Bi Mwanjaa? Mbona kajifunika kanga gubigubi na jua lote hili?
— Anajifukiza.
— Mtoni?
— Nyungu ya kisasa, shoga. Inatumia chaji.

(Jua likipiga kwenye kioo huoni kitu, ndiyo maana ya kanga. Sikuwasahihisha. Wawili walikuja kuniomba dawa.)

6.
Siku ya kwanza. Maji, matete, jiwe kubwa jeusi. Juu ya jiwe

Semkiwa.

Jirani yangu, mgane kwa miaka mitano sasa. Kofia ya ukili, shati la bluu, mshipi wa kuvulia mkononi.
— Mzee Semkiwa, umekaa kwenye picha yangu.
— Nimekaa kwenye jiwe, Bi Mwanjaa.
— Sogea.
— Samaki wako hapa.
— Umeshawahi kumpata hata mmoja?
— Wanafikiria.

7.
FOMU YA MCHORAJI
Picha ya 1: Mto. Binadamu: hakuna.
Picha ya 2: Mto, ukungu kidogo. Binadamu: hakuna.
Picha ya 6: Mvua imenyesha juu, maji rangi ya chai ya maziwa. Binadamu: hakuna.
Picha ya 9: Mto. Binadamu: hakuna, na kikohozi chake hakuna.
Maoni ya mchoraji: Yule mzee wa jiweni ni kero. Ananiharibia mandhari. Aondolewe.

8.
Mimi Semkiwa. Nasema kwa kifupi, samaki wasinisikie. Nilikuwa jiweni kabla ya hicho kioo chake. Kila siku, sogea, sogea. Siku ya saba nikasogea kweli, nikajificha nyuma ya matete. Haikupita dakika:

"Umekwenda wapi wewe? Mwanga unabadilika!"

Nikarudi. Samaki wa pale jiweni, kwanza wana...

9.
Jumamosi, maktaba. Tumsifu kaunganisha kishikwambi na televisheni. Wafua nguo wote wamekuja. Nyuma kabisa yuko Semkiwa, anasoma gazeti la juzi.
— Shikamoo, bibi. Picha zako safi sana. Mto mtupu.
— Marahaba. Si nilikwambia?
— Sasa tuwaonyeshe wenzetu ulivyozichora. Chombo hiki kinatunza kila mstari, hata ule uliofutwa.

Hata

upi?

10.
Kofia.

Kofia ndiyo iliyotokea kwanza. Si maji wala matete. Halafu bega la kushoto, lile linaloshuka kidogo. Halafu vifungo vinne vya shati. Cha tatu si mwenzao. Kisha jiwe, apate pa kukaa. Mto ulikuja mwisho, mbio mbio. Ndipo kifutio kikapita, taratibu, kikianzia miguuni.

Picha ya pili.

Kofia.

Ya tatu.

Kofia.

4.
(imerudi yenyewe)
Siku ya kwanza nilimchora ili nijue pa kumfuta. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nilikaa naye mpaka chaji ikabaki asilimia nne.

11.
— Bibi, fomu inasema binadamu hakuna.
— Mwishoni yupo?
— Hayupo.
— Basi.
— Lakini umemwita kero!
— Na ni kero. Huoni alivyokijaza kioo?
Maktaba nzima ilicheka, na ni mahali pa kukaa kimya. Tumsifu akalisoma tangazo lake mara mbili. Limekataza mtu aliyemo. Aliyekwisha kutoka halimtaji.
— Itabidi niulize wakubwa.
Uliza, mwanangu. Nilikichukua kishikwambi na waya wake, nikakipakata.

Picha ya tatu ilikuwa bado iko kwenye televisheni, kifutio hakijapita. Mfua nguo mmoja akanyoosha kidole.
— Hapo kauinua mshipi. Mbona nchani mwake kuna kokoto?
Mimi nachora ninachokiona.
— Mzee Semkiwa, ndoana iko wapi?
Gazeti likapanda mpaka kwenye kofia.
— Imekatwa na samaki. Leo asubuhi.
Tumsifu akasogea, akasoma tarehe pembeni ya picha.
— Mzee, hii ni ya Ijumaa ya wiki iliyopita.